Glavu Moja, Bila Kukatwa

Naagiza picha za kauboi kutoka nje, zile za zamani, zilizo kwenye diski. Watu wakisikia hivyo hucheka, maana siku hizi mtu anajaziwa sinema kumi kwenye flashi kwa bei ya soda, na vijana hata hiyo flashi hawana, wanaangalia kwenye simu wakiwa chooni. Sibishani nao. Banda langu liko Mkuyuni, nyuma ya wauza mitumba, na kazi yangu inayoonekana kwa nje ni kutengeneza redio na kubadilisha vioo vya simu. Diski ziko kabatini ndani. Wateja wake ni wachache na wote ni wazee: mstaafu mmoja wa reli, padri mmoja, Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Nyamagana anayependa farasi kuliko watu, na wengine wa namna hiyo. Hao hawataki flashi. Wanataka kasha lenye picha juu yake, kitu cha kushika.

Elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Kiingereza nakisoma kwa kubahatisha. Kijerumani na Kiitaliano natazama kofia. Ukinionyesha kofia ya stelingi, yule shujaa wa picha, na namna alivyofunga bastola, nitakuambia ni picha ipi, hata kama Wajerumani wameipa jina lao na Waitaliano lao. Nilichojifunza kwa maumivu ni kwamba diski nayo ina kwao. Nyingi za Marekani ukizitia kwenye deki zinazouzwa huku, deki inazikataa, inakuandikia maneno kwenye kioo na kuzitema. Diski yangu ya kwanza ilikuwa ya huko. Mstaafu wa reli aliitundika ukutani kama saa, na kila nikienda kwake ananionyesha.

Diski ninayotaka kuieleza haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya mama yangu.

Mama anakaribia themanini na amebakiwa na jicho moja. Jingine liliondoka na mtoto wa jicho, na hili lililobaki daktari alishasema halina muda. Siku tuliyotoka hospitali, tulipofika mlangoni, akasema:

"Wewe si unawaletea watu masinema ya Wazungu?"

"Nawaletea."

"Basi niletee ile ya mdogo wako. Niione mwenyewe kabla giza halijaingia."

Ile ya mdogo wangu ilikuwa Glavu Moja. Hilo si jina lake halisi. Mwanza ya wakati ule picha ilipewa jina na watu waliotoka kuiona, na hii ilikuwa na stelingi aliyevaa glavu mkono mmoja tu, kwa sababu mkono huo uliungua. Tuliiona mjini, mimi na mdogo wangu, tukiwa bado na kaptura za shule, kwenye jumba la sinema la familia moja ya Kihindi. Jumba lenyewe sasa ni ghala la magodoro. Stelingi anaingia kwenye mji wa wachimba dhahabu, anakuta ukoo mmoja umefunga kisima na kinalindwa kwa bunduki, anapigana nao wote, anawamaliza mbele ya mlango wa kanisa, halafu anapanda farasi wake na kupotea nyuma ya kilima. Muziki. Taa. Sisi tukasimama juu ya viti tukipiga kelele, "Stelingi hafi! Stelingi hafi!"

Mama hakuwahi kuingia sinema, marehemu baba hakupenda. Glavu Moja aliiona kwa mdomo wa mdogo wangu. Mama anachambua mchele kwenye ungo, mtoto amesimama mlangoni mwa jiko na soksi amevaa mkono mmoja, anampigia risasi, anamwigizia farasi, anamwigizia mpaka mjane wa mji ule. Mama alikuwa akimfukuza, "Toka, unanivurugia, nitawalisha mawe," lakini akitoka anamuuliza, "Haya, na yule mjane akasemaje?"

Tulipokuwa vijana tukapata televisheni, deki na jenereta, tukawa tunazunguka visiwani kuwaonyesha wavuvi picha. Mimi wa mashine, yeye wa mdomo. Watu wa huko walikuwa hawajali picha inasema lugha gani, wanamsikiliza yeye. Kauboi wa Kiitaliano kwa mdogo wangu anaongea Kiswahili cha Mkuyuni na kutukana kwa Kisukuma. Glavu Moja hatukuwahi kuipata kwenye kanda, lakini jenereta likizima anawaambia, "Tulieni, ipo nyingine," anavua soksi moja na kuwapa Glavu Moja gizani mpaka kilimani. Hakuna aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio.

Mtumbwi ulizama tukirudi mjini. Ni zamani, zaidi ya miaka thelathini. Waliohusika nawataja kwa kazi zao tu, kwa sababu majina mama amenikataza. Wa kwanza ni mwenye mtumbwi, aliyepakia magunia ya dagaa juu ya magunia na watu juu ya magunia. Leo ana ghorofa linaloangalia ziwa. Wa pili ni nahodha, aliyeanza gongo asubuhi. Huyo naye alibaki majini, simsemi zaidi. Wa tatu ni mkaguzi wa mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, aliyepewa sangara wawili akageuka kuangalia ndege. Amestaafu, ni mtu wa kukaribishwa meza kuu kwenye harusi.

Mimi nilishika dumu tupu la petroli. Mdogo wangu alishika deki. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa bado ameiinua juu ya maji ili isilowe.

Mwili wake haukuonekana. Nilipovutwa ufukweni vijana wa mwaloni walinipiga mgongoni nitapike maji, na mmoja akasema, "Huyu stelingi, hafi huyu!" Hadi leo kuna watu wanaoniita Stelingi. Siitiki.

Wa nne ni baba yangu mdogo. Yupo Igoma, ana kibaraza cha sementi anachokalia kuanzia asubuhi, na kama kuna wa kumsomea haya, asomewe. Msiba haujapoa akaja na habari kwamba mtu amemwona kijana wetu upande wa Kenya, anapakia samaki kwenye magari, amepoteza kumbukumbu. Mama akampa nauli akamtafute. Akarudi na habari kwamba amehamia Uganda. Akapewa nauli nyingine. Alimzungusha mdogo wangu ziwa zima, na kila alipofika, kijana alikuwa ameondoka jana yake.

Ndiyo maana hatukumsomea hitma. Maalimu alikuja, akaeleza kwamba aliyepotea majini anaweza kuswaliwa bila mwili, kwamba yapo kwenye vitabu. Mama akamsikiliza vizuri, akampa uji, akasema, "Hitma ya mtu aliye safarini sijawahi kuisikia." Gunia la mchele lililoletwa kwa ajili ya shughuli akaamuru lirudishwe dukani. Kila mwaka mimi na dada yangu tulijaribu kuanzisha mazungumzo hayo, na kila mwaka alijibu, "Mchele wa nini? Nani kafa?" Baadaye tukaacha. Sahani ya bati ya mdogo wangu bado imefunikwa kabatini, na nguo zake zinafuliwa kabla ya Ramadhani.

Basi nikaanza kuitafuta Glavu Moja. Binti wa dada yangu anaishi Ujerumani, analea wazee wa huko, na ndiye anayeninunulia diski za Ulaya. Nilimwelezea kwa simu: mkono ulioungua, kisima, mlango wa kanisa. Akanitumia picha za makasha moja baada ya nyingine.

"Huyu, mjomba?"

"Huyo kofia yake imekunjwa. Wetu kofia imenyooka."

"Na huyu?"

"Huyo ana glavu mbili, mwanangu. Tafuta maskini zaidi."

Ilichukua muda mrefu. Mwishoni akaikuta kwenye kampuni ndogo ya huko inayofufua picha zilizosahauliwa. Kofia imenyooka, glavu moja, nyuma yake kilima. Juu ya kasha kulikuwa na maneno mekundu ambayo sikuyaelewa wala sikuuliza. Kwenye makasha ya Wajerumani hakukosi maneno mekundu.

Ilipofika, mtu wa ushuru akaniita dirishani, akaipindua bahasha.

"Mzee, humu mna nini?"

"Sinema."

"Sinema gani? Zile za utupu?"

"Za farasi."

"Farasi wanafanya nini?"

"Wanakimbia."

Akanitazama. "Mtu mzima na mvi zako, unaagiza farasi wanaokimbia kutoka Ujerumani? Pale Shinyanga punda hawakukutosha?"

Dada mmoja wa meza ya jirani akasema bila kuinua kichwa, "Mpe mzigo wake. Baba yangu ana ugonjwa huohuo, hautibiki." Nikapewa.

Diski yoyote naijaribu mwenyewe kabla ya kuikabidhi, tangu ile ya ukutani kwa mstaafu. Nikafunga banda nusu, nikaitia. Deki ikaikubali. Maneno yalikuwa ya Kijerumani lakini niliyajua yote, kisima, mjane, ukoo, mpaka kanisani. Nikaona pia kitu ambacho utotoni sikukiona: pale mlangoni stelingi anapigwa. Anashika tumbo mara moja tu, chini ya koti, kisha anaendelea kupiga. Akapanda farasi. Akapanda kilima. Mkono wangu ukawa tayari kwenye rimoti, nikingoja muziki.

Muziki haukuja. Picha ikapanda kilima pamoja naye na kushuka upande wa pili, mahali ambapo sikujua kama pana upande. Kuna kijito. Farasi anateremka kunywa maji. Stelingi anainama kidogo, anazidi kuinama, anaanguka taratibu kama gunia lililokatwa kamba. Farasi hageuki. Anakunywa. Glavu inabaki ndani ya maji, na hapo ndipo yanapokuja maandishi.

Niliirudisha nyuma nikaiona tena. Nikampigia binti wa dada anisomee yale maneno mekundu ya kasha, akasema, "Bila kukatwa." Halafu nikafunga banda kabisa.

Opareta wa lile jumba la sinema bado yu hai. Anakaa na wenzake kwenye kahawa, karibu na soko kuu, kofia ya kiua, meno mawili. Nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umesimama kama askari?"

"Glavu Moja. Uliikata?"

Hakujifanya kusahau. Akameza kahawa yake. "Nilizikata nyingi. Hiyo niliikata kilimani. Ilikuwa safi ile, hata mshono hauonekani."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Akawageukia wenzake. "Msikieni. Kijana, wewe ulikuwepo wiki aliyokufa yule stelingi mwenye farasi mweupe? Walivunja viti. Walirusha chupa kwenye pazia. Mmoja alinisubiri nje na jiwe, ananiambia mimi ndiye niliyemuua! Tajiri akaniambia, kuanzia leo, kwenye jumba langu hafi mtu. Nikanunua mkasi."

"Na vipande?"

"Nilifungia mizigo kwenye baiskeli. Imara mno ile. Mvua, jua, haikatiki."

Wazee wakacheka. Nikamuuliza kama alivirudisha kabla picha haijaondoka. Akashangaa swali. Picha ilipanda treni kama ilivyo, akasema, ikaenda Shinyanga, ikaenda Tabora, na kote huko stelingi alivuka kilima akiwa mzima. "Watu walifurahi nchi nzima," akasema. "Wewe hukufurahi?"

Huyo ndiye wa tano. Namwandika baada ya baba mdogo, ingawa kwa miaka ndiye aliyetangulia.

Nilikaa na ile diski siku kadhaa. Mama akiuliza namwambia bado iko ushuru. Hesabu yake ilikuwa rahisi kuielewa, hata kwa mtu wa darasa la nne. Nikizima pale kilimani, mama atalala na furaha, na mwanaye ataendelea kuwa safarini mpaka mama mwenyewe azikwe, na sahani itabaki kabatini hata sisi tusijue tuipeleke wapi. Nikiacha iende, jicho lake la mwisho nitakuwa nimelitumia kumwonyesha hivyo. Dada yangu alisema kwenye simu, "Zima. Ameshazeeka, unataka nini?" Lakini orodha yangu ilikuwa na watu watano tayari, na nilikuwa naona wazi nani angekuwa wa sita.

Nikaenda nayo nyumbani mchana, baada ya adhuhuri. Nyumba yetu iko juu kwenye mawe, joto la bati lilikuwa kali. Nilimsogezea kiti mpaka magoti yake yakakaribia kugusa televisheni, akageuza kichwa kidogo kama kuku ili jicho zima likae mbele. Kasha akalishika mapajani.

Picha ikaanza, wakaanza kuongea Kijerumani.

"Wanasemaje?"

"Mama, mimi si mtafsiri."

"Kwani hukuwepo alipokuwa anasema? Sema."

Nikasema. Sikuwa na maneno yangu, nikasema ya mdogo wangu, jinsi alivyokuwa akiyasema visiwani, kwa sauti yangu hii ya kutengeneza redio. "Nimekuja kunywa maji, sikuja kuomba ruhusa." Mama akacheka, akamalizia mwenyewe: "Na farasi wangu naye ana kiu." Kuanzia hapo tukawa tunasema wote. Mjane alikuwa wake. Alimjua mjane yule kuliko aliyemwigiza, alimkemea mara mbili kwa kuchelewa kufunga mlango.

Tukafika kanisani. Stelingi akashika tumbo. Mama akaacha kusema.

Akapanda farasi. Akapanda kilima. Maneno ya mdogo wangu yaliishia pale, hapakuwa na mengine. Rimoti nilikuwa nimeiweka juu ya kabati la sahani, mbali, kwa makusudi.

Kilima kikapita. Kijito. Farasi akashuka kunywa. Nilimtazama mama, sikuitazama picha. Hakushtuka. Alisogeza uso mbele zaidi, akaangalia mpaka maandishi yalipoanza kupanda, kisha akasubiri mpaka yakaisha na yenyewe.

"Walikuwa wameikata," nikamwambia. "Zamani, pale mjini. Opareta alikata kwa mkasi."

"Huyo aliyekuwa na baiskeli nyekundu?"

"Huyohuyo."

"Mh." Akaweka kasha juu ya meza. "Ila risasi ilimpata kanisani."

"Uliiona?"

"Kwani mimi kipofu? Limebaki moja, ni zima. Mtu mwenye risasi tumboni anapanda farasi aende wapi? Mdogo wako hakuniambia habari ya risasi."

"Alikuwa mtoto, mama. Hata mimi sikuiona."

"Hakuniambia," akarudia, taratibu, kama mtu anayeirudisha sindano mahali pake. Nje jirani alikuwa anagombana na muuza mkaa. Mama akasikiliza ugomvi ule mpaka ukaisha. Halafu akainuka kwa kushika bega langu, akafungua kabati, akaitoa sahani ya bati, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka pamoja na nyingine za kulia.

"Mchele umepanda?" akauliza.

Nikaizima televisheni.

"Nakuuliza wewe."

"Umepanda kidogo."

"Usiniletee wa kuvunjika. Na nitauchambua mwenyewe, mkeo atanilishia watu mawe. Mwambie maalimu iwe Alhamisi."

"Na baba mdogo?" nikamuuliza. "Tumwite?"

Alikuwa ameshakaa kitini, kichwa amekigeuza tena upande wa jicho zima, ingawa televisheni nilikuwa nimeshaizima.

"Mwite. Amekula nauli za kumtafuta, na aje ale pilau ya kumaliza. Mkalishe mbele ya maalimu, nimwone akiitikia dua."

Nikaitoa diski, nikaifuta kwa pindo la shati, nikaitia kwenye kasha lake. Kisha nikashuka sokoni.